Hooyo Bado Anakisikia Kisomali

Uholanzi, Jumapili

Walaal Abdullahi, ndugu yangu,

Assalamu alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na nyumba yote ya hapo Iftin, Garissa, na mvua niliyosikia imenyesha Fafi iwe imewafikia mbuzi wako pia. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Baridi imeanza, kikohozi kilinishika kikaniachia, kazi inaendelea. Hooyo, mama yetu, anakula? Mkono wake wa kulia umeanza kushika kikombe? Niambie ukweli hata kama si mzuri.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu tunakatizana, unakasirika, halafu mtandao unapotea. Na naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichofundishwa kukiandika sisi wawili. Kisomali chetu ni cha mdomo. Nikikiandika hutakisoma, utanicheka tu.

Wiki iliyopita uliniambia kwamba tangu Hooyo apatwe na kiharusi hajatamka neno la Kisomali, ni kile Kiswahili chake cha kuuzia maziwa sokoni tu. Ukimsemesha Kisomali anageukia ukutani, na daktari amekuambia lugha hiyo imefutika. Mama yetu mdogo, Habaryar Khadija, alitoka Kutulo mpaka Garissa kumwona dada yake, akakaa naye mchana mzima, akaondoka analia kwamba Hooyo amemkataa. Ndipo ukatoa amri Hooyo asemeshwe Kiswahili peke yake, na asiyekijua asimsumbue. Najua ulimhurumia. Lakini wanaomjua Hooyo tangu utotoni hawana Kiswahili, walaal. Sasa nani amebaki wa kukaa naye?

Kazi yangu unaijua, ingawa watu unawaambia kwamba napima vichwa. Si uongo sana. Mtu anavalishwa kofia ya kitambaa yenye vipande vidogo vya chuma, tunatia jeli vishike ngozi vizuri, na mashine inarekodi umeme mdogo unaotoka kwenye ubongo. Haiingizi kitu kichwani wala haisomi mawazo. Hilo hunibidi nimweleze kila mama wa Kisomali anayekuja, na nywele zao huzishika mimi peke yangu, mlango umefungwa. Kisha wanasikiliza sentensi. Ukisikia “nimekunywa chai”, mistari ya mashine inaenda shwari. Ukisikia “nimekunywa kiatu”, ubongo unashtuka kabla hata hujapata nafasi ya kucheka, na mshtuko huo tunauona. Tunawapima watu wa lugha mbili, kama sisi, tuone kila lugha inapokelewaje.

Miezi michache iliyopita aliletwa mzee mmoja anayeitwa Gedi, mzaliwa wa Bura, upande wetu kabisa. Zamani aliendesha lori la mifugo kati ya Garissa na Thika. Naye alipatwa na kiharusi, na kilipompita alibaki na Kiswahili tu. Anaishi hapa na binti yake, Nimo, aliyekulia huku. Nimo ana Kisomali na Kiholanzi. Kiswahili hajui hata salamu. Hospitali walimwambia kwamba baba yake Kisomali hakielewi tena. Basi ndani ya nyumba moja walikuwa wanapitana kama wapangaji. Alimlisha, alimwogesha, ila kuzungumza naye aliacha.

Siku ya kwanza mzee aliniuliza mimi ni wa wapi. Nilipomwambia Iftin, akanishika mkono akasema polepole, “Huyu msichana yangu haongei na mimi. Mimi nimemkosea nini?”

Nimo akaniuliza baba yake anasema nini. Nikamfasiria. Akasema aliambiwa hakuna faida, na kila akimsemesha mzee alikuwa anafumba macho.

Tulimpima asubuhi kadhaa, maana kwa mtu mmoja unahitaji sentensi nyingi sana kabla ya kuamini unachokiona, na mzee alikuwa anachoka. Kwa Kiswahili ubongo wake ulishtuka kama wa mtu yeyote. Kwa Kisomali tulisubiri. Mshtuko ulikuja umechelewa, na ulikuwa mdogo, lakini ulikuja, na tulipompima tena ulikuja tena. Mwalimu wangu, mama wa Kiholanzi asiyependa kuahidi, alimwambia Nimo kwamba hii haimaanishi baba yake anaelewa kila kitu, wala kwamba atakiongea tena. Inamaanisha maneno yanaingia.

Nimo hakungoja tumalize kumtoa mzee kofia. Aliinama, jeli ikiwa bado kichwani kwa baba yake, akamwambia kwa Kisomali kwamba hajamkosea chochote. Mzee hakufumba macho. Akajibu kwa Kiswahili, na mimi nikafasiria: “Mwambie aseme polepole. Nasikia, lakini nachelewa kufika.”

Kwao hali ndiyo hiyo mpaka leo. Binti Kisomali, baba Kiswahili, na Nimo ananipigia simu kuuliza maana ya maneno. Mzee hajarudisha Kisomali. Lakini wanaongea.

Sasa nikueleze jambo ambalo hulijui, na usimkasirikie wifi yangu Maryan, mimi ndiye niliyemwomba. Alhamisi ulipokuwa soko la mifugo nilipiga simu, akaiweka sikioni mwa Hooyo. Nikamsemesha Kisomali, polepole, neno baada ya neno, na kila sentensi nikangoja. Nikamuuliza habari ya mkono wake. Kimya. Nikamwambia huku ni baridi. Kimya. Nikamwambia leo nimekamua ngamia nikajaza chombo kizima chai. Nilingoja mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akacheka, walaal, kile kicheko chake cha puani. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, “Ngamia iko na chai wabi, wewe?”

Maryan alilia. Mimi nilikaa kwenye ngazi za ofisi mpaka mwenzangu mmoja akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Sisemi atapona. Sikumpima, na hata ningempima nisingejua kesho yake. Anapogeukia ukutani nadhani si kwamba hasikii; mnasema haraka, wengi kwa pamoja, na kabla neno la kwanza halijamfikia mmeshasema la kumi. Zima redio. Mmoja aseme, kisha angoje. Akijibu kwa Kiswahili, msimrekebishe wala msimcheke.

Na mpigie Habaryar Khadija. Mwambie dada yake hajamkataa. Akija, aketi naye amsimulie visa vyao vya usichana kwa Kisomali hicho hicho cha Kutulo, asidai jibu.

Nisalimie Maryan, na umshukuru mbele ya watu. Nisalimie wanao, na yule binti yako mkubwa anayesomea ualimu mwambie asikubali kuambiwa mtoto akisema lugha mbili anachanganyikiwa. Nisalimie sheikh anayekuja kumsomea Hooyo, na jirani yetu mama muuza sambusa. Mungu awalinde nyote, atukutanishe kwa heri.

Hooyo mpe salamu zangu wewe mwenyewe, kwa Kisomali, karibu na sikio la kushoto, upande ulio mzima. Usimtafsirie. Ngoja.

Dada yako,
Sahra