Natakiwa Kuomba Radhi kwa Kupima Maji

Mpendwa Mama Melania,

Shikamoo. Nakuletea shida yangu wewe kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mtaani ananiambia nifunge mdomo, na mdomo wenyewe umekataa. Naitwa Mwamvua, nauza chai na maandazi Shinyanga mjini, jirani na kiwanda cha ngozi anakofanya kazi mume wangu Sabiti. Mwaka huu mvua zilipokwisha maji ya bomba letu yakawa ya manjano, ukiyachemsha ndiyo yanazidi, na rafiki yangu Zipora akaniambia, "Mayu, mama yangu, haya si maji, huu ni mkojo wa kiwanda," tukacheka, lakini nilipotazama mikono ya mume wangu ilivyotoboka vidonda, na damu inavyomtoka puani, kicheko kikaniishia, nikajaza maji kwenye chupa ya soda nikapanda basi mpaka Mwanza kwa mtu wa maabara niliyeelekezwa, Bwana Theonest.

Akayatia dawa mbele yangu, yakageuka zambarau. Akasema, "Mama, hii ni kromu, ya kutengenezea ngozi. Imeshawapa saratani wafanyakazi wa viwanda vya huko inakotengenezwa. Usiwanyweshe watoto."

Niliporudi nikawaambia wateja wangu wote, na chai nikawa napikia maji ya kisima cha ng'ambo ya reli, basi meneja akamwita mume wangu, mwenyekiti wa tawi la Chama akaniita mimi, wanasema chupa yangu ilikuwa chafu, mimi ni mchochezi, nimechafua jina la kiwanda cha umma, na Jumapili ya mwisho wa mwezi nisimame mkutanoni niombe radhi, la sivyo Sabiti hana kazi. Sabiti ananisihi, "Mama Mwanaidi, sema samahani tu, tupate kula." Nikamwuliza, "Nikishasema, utayanywa?" Alinyanyuka akachota kwenye mtungi wangu wa maji ya kisima.

Nampenda mume wangu, lakini ulimi haugeuki. Niombe radhi? Na jina langu usilifiche, wanaonitafuta wananijua tayari.

Mwamvua, Shinyanga, Septemba 1984

JIBU

Marahaba, Mwamvua. Jina nimeliacha lilivyo. Radhi usiombe. Mama haombi radhi kwa kutaka kujua anawanywesha nini wanawe.

Sasa kaa nikugombeze. Chupa ya soda, mwanamke? Tena peke yako, bila shahidi? Umewakatia fimbo mwenyewe ya kukuchapia! Nimemtafuta Theonest. Hajayumba, alichokiona anasema alikiona, ila chupa moja ya namna ile haitasimama mbele ya wabishi. Atakupa chupa safi za maabara. Zijazeni mchana kweupe, bombani, kisimani na kwenye mfereji unaotoka kiwandani, balozi wenu wa nyumba kumi akiwepo, Zipora akiwepo, na meneja aalikwe atume mtu wake. Zifungwe kwa lakiri mbele ya macho yote. Meneja akikataa kutuma mtu, mtaa mzima utakuwa umemwona akikataa. Na waambie majirani kuchemsha hakusaidii. Sumu hii si mdudu afe kwa moto.

La pili limeniudhi zaidi. Vidonda vya mumeo umevipitia juu juu, ukarudi kwenye chai! Mpeleke hospitali wiki hii, daktari aelezwe anashika dawa gani kazini. Kisha aende chama cha wafanyakazi aandikishe kwamba ameumia kazini, kabla hajafukuzwa, si baada. Mnalilia kazi, na kazi yenyewe inamla mikono.

Wala usimsute mbele za watu. Sabiti si adui yako, ni mtu aliyebanwa. Anajua ukweli kuliko wewe, maana anaushika kila siku. Mwombe asimame nawe siku ya kujaza chupa. Asipoweza, mwache, wewe endelea.

Na wewe mwenyekiti wa tawi, najua gazeti hili unalisoma: wanao wanakunywa bomba lipi?

Jumapili, Mwamvua, nenda mapema, ukae mbele. Wakikuita, simama useme hivi, usiongeze neno: "Maji yapimwe tena mbele yetu sote. Yakiwa safi, nitaomba radhi hapa hapa. Yakiwa na sumu, mtaomba nyinyi, na mtaanza na watoto."

Halafu keti, uwaache wao ndio wasimame.