Simile Siisikii Tena

Mama yangu uliyetangulia,

Shikamoo. Marahaba yako naijua, nimeipokea. Nakuandikia nimekaa nyuma ya mlango, leso yangu ingali kichwani, maana nilitoka asubuhi hii kuiangalia njia ya kwenda kwa mwanangu Siti nikarudi kabla sijafika kona. Barua hii haina wa kuipeleka. Lakini baba alinifundisha herufi, na jambo nililo nalo sina mwingine wa kumwandikia. Naogopa, mama. Naogopa njia yetu wenyewe, hii hii iliyo mlangoni petu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikutembeza? Masikio yako yalikuwa yamekufa baada ya ile homa, nami nilikuwa bado kijana mwenye haya, nataka dunia nzima iangalie pembeni tunapopita. Nilikushika kiwiko tukaenda kwa shangazi, tukaenda kisimani, tukaenda kuhani misiba ya watu. Mahamali walikuja wawili wawili, mti wa mpiko begani, pembe ya ndovu inaning'inia katikati, wanaita "Simile! Simile!" Kila aliyesikia alipanda kwenye baraza ya nyumba iliyo karibu naye akawapisha. Nyuma yao punda waliobeba ufuta. Njia ni nyembamba kiasi kwamba wanene wawili wakikutana mmoja hurudi alikotoka, na bila baraza zile nusu ya mtaa tungekuwa viwete. Sheria ya mji unaijua: aliyeita simile hana lawama. Akikugonga baada ya kuita, jikande mwenyewe na maji yako ya moto.

Na salamu je? Hapa mtu asipoitikia salamu anaitwa mwenye kiburi, hata awe anakata roho. Ukajitafutia dawa: kila kinywa kilichofunguka mbele yako ulikijibu "Marahaba." Ulimwitikia mwuza samaki aliyekuwa anakuuliza unataka nguru au changu. Siku moja ulimwitikia punda. Alifungua kinywa kulia, nawe ukamjibu kwa adabu zako zote, tukacheka mpaka tukashika ukuta. Mwenye punda alitutazama sana.

Kisha ukaja msafara ule wa bara. Unajua wapagazi wanavyofanya wakiuona mji. Huko nyuma wametembea kwa kuburura miguu, lakini mtaani huingia mbio, bunduki zinalia, ngoma mbele, kila mmoja anataka aonekane hakuchoka. Tulikuwa mbele ya nyumba ya yule tajiri wa sandarusi, anayeuza utomvu ule wa miti kwa magunia. Baraza yake ilikuwa imejaa magunia kutoka mlangoni mpaka pembeni. Nilisikia, nikakuvuta, tukakosa pa kupanda. Kati ya gunia na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, ukanisukuma mimi humo. Pembe ikakupiga nyonga, nami nikakuona unakaa chini polepole katikati ya miguu ya watu.

Wazee walikuja jioni wakakaa na baba. Wakasema simile iliitwa, kila mtu aliisikia. Mmoja alinong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikatamani kumrushia kata ya maji. Wewe ulikuwa umelala nyuma ya pazia, ukaniuliza wamesemaje, nikakueleza kwa mikono. Ukajibu kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia: "Waambie nimekubali, waliita. Na wao waniambie, ningepanda wapi?"

Kahawa ilinywewa, dua ikasomwa, magunia yakabaki pale pale. Nyonga yako ilipona ukawa unachechemea tu, lakini hukutoka tena mlangoni ila siku ulipotolewa kwa jeneza. Miaka yote ile ulikaa hapa nilipokaa sasa, unaona vivuli vya watu kwenye ufa wa mlango na kuniuliza nani huyo amepita.

Sasa ni masikio yangu. Yalianza kabla ya mvua za masika. Adhana ya alasiri nikawa naijua kwa kuona wanaume wanaondoka barazani. Chungu kinachemka mpaka kinafurika mimi nimekipa mgongo. Baba Siti anasema nami, nasikia kama mtu yuko chumba cha pili, na yeye anadhani nimemnunia. Nimemwacha adhani hivyo. Mume akijua mkewe hasikii hatamruhusu hata kwenda kuomba chumvi, na yangu yatakuwa yale yako.

Juma lililopita nilikuwa natoka sokoni. Sikusikia kitu. Upepo tu ulinipitia sikioni na leso ikavutwa kichwani, na pembe nene kuliko paja langu ikapita pale ilipokuwa shingo yangu. Mpagazi wa nyuma aligeuka akaniambia neno. Nikaona kinywa kinatembea. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu marahaba. Nilifika nyumbani nikaishona leso ilipochanika.

Ningelinyamazia hata hilo, mama, lakini Siti ana mimba na mwezi wake umeingia. Ni uzazi wa kwanza. Anakaa kwa wakwe zake ng'ambo ya njia ya misafara, na mumewe yuko Unguja. Kwa uzazi wa kwanza mwana huzalia kwao, na mama mzazi ndiye anayekwenda kumtoa, anamshika mkono, anakuja naye kwa miguu mchana kweupe ili watu waone kwamba msichana huyu ana kwao. Akitolewa na mtu mwingine, wakwe watakuwa na la kumsema mpaka anazeeka. Wewe ulinitoa mimi hivyo hivyo, kabla ya homa, tena ulivaa leso mpya. Mimi nimtoe vipi mwanangu mzito, asiyeweza kuruka hata mfereji, na mimi ndiye ninayepaswa kuisikia simile?

Nikamwendea Bi Mize, yule rafiki yangu wa nyumba ya mkabala, nikamwambia. Ilinichukua kahawa yote kusema. Alinitazama, akanisogelea nimwone kinywa. "Tunajua," akasema. "Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe." Kumbe wanawake wa mtaa wamekuwa wakinipanga katikati yao tukienda kisimani, nami nadhani wananipenda kwa maneno yangu matamu. Nililia, kisha nikaona aibu kwamba nimelia, kisha nikalia tena.

Bi Mize si mtu wa kulaza jambo. Amemtuma mumewe kwa mkuu wa mahamali, na mkuu amesema kesho jua likipanda watu wake watasimama upande wa juu wa mtaa na mizigo yao mpaka Siti apite. Muungwana yule, Mungu amlipe. Lakini mahamali wa mji ni wake, wapagazi wa bara si wake, na kuna msafara umelala nje ya mji tangu jana ukingoja kuingia. Kwa tajiri wa sandarusi alikwenda Bi Mize mwenyewe, akasimama ukumbini. Tajiri sasa ni mwana wa yule wa zamani. Nyumba ile ile, magunia yale yale. Amejibu kwa adabu sana kwamba baraza ataifungua, inshallah. Asubuhi hii nilikwenda kuangalia. Nilifika mahali ninapoweza kuyaona magunia, nikayaona yamefika juu ya dirisha, na mwili wangu ukageuka wenyewe ukanirudisha nyumbani.

Siti nimemwambia. Bi Mize alinipeleka kwake juzi, nikamwambia mwanangu kwamba mama yake hasikii. Sikutaka ajue akiwa njiani. Alinishika mkono akauweka tumboni kwake, akasema taratibu nimwone: "Nitasikia mimi, mama." Mtoto akapiga teke chini ya kiganja changu. Nikacheka ili asiione hofu yangu, maana nilikuwa nahesabu magunia yale moyoni na kumweka mwanangu mbele yake, na kila nilipomweka hapakuwa na pa kupanda.

Mama, miaka yote nilidhani ulijifungia ndani kwa kuogopea nyonga yako. Baba alidhani hivyo, na majirani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nimeujua juzi kwa Siti. Usingeweza kutoka bila mimi, na ungetoka nami ningekuwa ubavuni mwako kwenye njia ile kila siku ya Mungu. Ukaona heri ukae. Uliniogopea mimi, ukaniacha nidhani unajiogopea mwenyewe, na hukusema.

Mimi kukaa sina nafasi, kwa kuwa Siti lazima aje. Kesho Bi Mize atatangulia, nami nitafuata na mwanangu. Usinitulize, maana sitatulia. Hofu imenijaa mpaka kwenye ncha za vidole na herufi hizi unaziona zilivyopinda. Lakini nimekwisha kupanga. Mbele ya nyumba ya sandarusi bado kuna nafasi ile ya mtu mmoja kati ya gunia na ukuta. Nimeipima kwa macho. Siti na tumbo lake wataenea.

Niombee huko uliko,
Mwanao uliyemsukuma ukutani