Mstari wa Jumamosi

Migori, Jumanne 10 Juni 2025

Kwako Zablon,

Hujambo? Mama naye? Mguu wake umepoa? Mimi ni mzima, ila sijakaa chini tangu jana asubuhi. Najua ni miaka miwili hatuandikiani na sikutaka kuanza na shida, lakini shida haikuniuliza.

Ile programu yako ya kipima joto, uliyoiweka kwenye kundi letu la waandika programu ukasema, "Imejaribiwa. Kopi, bandika, lala usingizi," niliikopi kimya kimya. Sikukuuliza, kiburi changu hicho. Nikaifunga kwenye friji ya chanjo ya kliniki ninakofanya kazi. Miezi minne imetutumia ujumbe kila stima ikipotea. Jumamosi stima ikapotea asubuhi hadi jioni, na hakuna simu hata moja iliyolia. Jana tumetupa chanjo zote, na akina mama waliotoka mpaka Uriri na watoto mgongoni wamerudishwa. Bosi anataka nijieleze kwa barua kabla ya wiki kuisha.

Nimeijaribu leo mara tano, inafanya kazi. Sasa Jumamosi iliingiwa na nini? Niambie haraka, nitapasuka.

Dadako,
Risper


Kendu Bay, Jumatano 11 Juni

Dada Risper,

Salamu nyingi. Mama yuko, mguu humsumbua kukiwa na baridi tu. Anauliza kama unakula vizuri.

Nimesoma barua yako, nikaifungua programu papo hapo. Programu haikuharibika, dada. Ilifanya nilivyoiambia. Tazama mstari wa arobaini na moja: Ijumaa jua likizama, nyamaza, Jumamosi jua likizama, endelea. Niliiandikia sanduku la barafu la Mama pale sokoni. Ijumaa anamaliza samaki wote, anaosha sanduku, analiacha wazi hadi Jumamosi jioni. Bila mstari huo simu yake ingelia Sabato nzima, tena kanisani, kwa ajili ya sanduku tupu.

Kwenye maelezo niliandika kila kitu, hata rangi za nyaya. Hilo tu sikuandika. Kwetu Jumamosi haielezwi, wewe unajua.

Futa mstari huo leo. Nisamehe.

Ndugu yako,
Zablon


Migori, Alhamisi 12 Juni

Zablon,

Uko salama? Mimi hata sijui niko vipi.

Nimeufuta. Nimekasirika, nakwambia wazi. Arusi yangu uliikosa kwa sababu ilikuwa Jumamosi, nikameza. Sasa Jumamosi yako imenifuata mpaka kazini. Na mimi nami, niliyelelewa nyumba hiyo hiyo, nilikopi mistari mia mbili bila kuisoma kwa sababu ilitoka kwako. Kazi yako naiamini hata nikiwa nimekununia. Ujinga gani huu.

Lakini hayo tuyaache. Nani mwingine aliichukua? Keshokutwa ni Jumamosi.

Risper


Kendu Bay, Ijumaa 13 Juni, asubuhi

Dada,

Umeamkaje? Mimi nimeamka kabla ya jogoo.

Kundini nimeweka onyo; walioshukuru ni wanane. Saba nimewapata, wengi ni wafuga vifaranga, wote wamefuta. Aliyebaki anaitwa Werema, wa zahanati moja upande wa Kehancha. Aliandika, "Asante mkuu, sasa insulini yetu iko salama." Simu yake imezimwa tangu Jumatano. Huko stima hupotea kama kwenu, na insulini iliyoharibiwa na joto huwezi kuijua kwa macho. Mgonjwa anajidunga akidhani ni dawa.

Bosi wako nimemwandikia, nikasema mstari ni wangu. Barua hiyo nimeiambatisha hapa, mpelekee.

Wewe uko karibu na Kehancha. Nenda, tafadhali. Jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na baada ya hapo sigusi mashine.

Ndugu yako,
Zablon


Migori, Ijumaa 13 Juni, saa saba mchana

Ndugu yangu,

Asante kwa barua. Bosi ameisoma mara mbili, amepoa kidogo.

Kehancha siwezi. Nilitaka kukwambia kwa furaha, siku nyingine, lakini basi: nina mimba ya miezi minane, presha imepanda, na daktari amenikataza safari yoyote. Mume wangu Maranga yuko Nairobi hadi Jumapili. Nimepigia zahanati mbili za huko, hawamjui Werema. Kuhusu mimba, hata Mama hajui. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize.

Sikulazimishi. Najua ulimwahidi Mama kuishika Sabato. Ukizima simu jioni sitakusumbua.

Dadako,
Risper


Kehancha, Jumamosi 14 Juni, saa sita mchana

Risper, nyamera, dada yangu,

U mzima, wewe na huyo wa tumboni?

Barua yako niliisoma mara nne, nikamwomba Mama baraka bila kumweleza safari. Aliitazama laptop begani kwangu, akalitazama jua, akanifungia viazi. Jua lilizama tukiwa tumepita Rangwe. Sikushuka garini. Nililala gesti hapo Migori, dakika kumi kutoka kwako, nikaona aibu kubisha.

Leo nimezunguka zahanati tatu kabla ya kumpata Werema. Simu yake ilianguka kwenye maji. Nilikaa kwenye mashine yake saa nne asubuhi, nikafuta mstari, nikaongeza namba ya nesi wao, Bochaberi. Stima ilipotea saa tano. Friji ilipopata joto, simu ya nesi ikalia. Wamehamishia dawa zote kwenye sanduku la barafu, chupa thelathini na moja, nimezibeba nyingine kwa mikono yangu.

Kesho nitamwambia Mama mwenyewe, yote. Sijui atasema nini.

Arusi yako niliikosa kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Hata leo ni Jumamosi. Niko stendi, gari la Migori linajaa. Niwekee chakula.

Mjomba,
Zablon