Geji Uliyong'oa, Kyalo

Mwanangu Kyalo,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu simu zangu hushiki tena, na najua ukurasa huu unaoshangilia ndege yako unausoma kila siku. Wenzako wanisamehe. Mimi ndiye mama yako, na nina hofu.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulitoa injini ya rotari kwenye gari lililogongwa, ukaileta katika banda langu hapa Mbumbuni, mbuzi wakahamia jikoni. Nilikuuliza ni ndege gani hii inayotumia maji ya rejeta kama lori. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kila ulipoiwasha, mkia ukiwa umefungwa kamba kwenye kisiki, wewe uliongeza mafuta nami nilikaa kiti cha pili nikikusomea presha ya maji. Kazi yangu ilikuwa geji hiyo moja tu, na niliipenda kuliko nilivyokuonyesha.

Halafu ile siku mpira wa rejeta ukapasuka. Mshale wa presha ulianguka hadi sifuri, nikapiga kelele.

"Mwaitu, wacha uoga," ulinijibu, ukiniita mama kwa lugha yetu. "Joto iko sawa kabisa."

Kweli, mshale wa joto ulikuwa umetulia. Ukazidi kuongeza mafuta, na injini ikakwama ikitoa moshi mweupe. Ulipoifungua ulikuta mipira yake ya ndani imeungua. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza: maji yakishavuja, kipimo cha joto hubaki kikipima hewa, kwa hivyo presha ndiyo ya kutazamwa. Ukanishika mkono kwa vidole vyako vya grisi, ukasema, "Mwaitu, bila hii geji siruki."

Sasa ndege iko Kibwezi. Ilipita Emali ikiwa imebebwa juu ya lori, watu wakiipigia makofi. Jana uliweka picha ya ndani yake. Kiti ni kimoja. Niliikuza picha mpaka macho yakaniuma: pale palipokuwa na geji ya presha umefunga kishikio cha simu, ujirekodi ukiruka. Kyalo, kweli? Niliketi sakafuni nikalia kwa hasira, na hasira hiyo haijanitoka.

Sikukatazi kuruka. Nilikuwa nikikubeba mgongoni kwenda mtoni, nawe ukinyoosha kidole kwa kila ndege iliyopita juu yetu. Najua huwezi kuacha. Ninachotaka ni urudishe hiyo geji, na uiwekee taa ya kukuonya, maana sitakuwa kando yako kukusomea. Watu hawa watakushangilia, lakini ukianguka, ni mimi nitakayeitwa kukutambua.

Nisikuchoshe zaidi, mwanangu. Ila ujue hili. Jumapili mchungaji alitaja jina lako, na kanisa zima likaomba injini yako iwake vizuri siku ya kuruka. Nilisimama pamoja nao, nikafumba macho, nikaomba isiwake.

Mama yako