Jina Ndani ya Pete ya Baba

Tiril rafiki yangu, niko nje ya wodi ya wagonjwa mahututi.

Moyo wa Baba umeshonwa vizuri, ila baada ya upasuaji mwili mzima umewaka moto. Kavimba mpaka vidole, figo zimegoma. Pete ya ndoa ikawa inamkaba kidole, nesi akaikata.

PETE ILE! Ambayo hajawahi kuivua hata akioga!

Nesi akasoma jina lililochongwa ndani, akamgeukia Mama: "Pole sana, Ingvild."

Mama anaitwa Bodil! Ingvild ni MIMI!

Na mwaka uliochongwa: 1989. Nilikuwa sijazaliwa. Baba ndiye aliyenichagulia jina, eti la bibi yake!

Mama hakulia. Akavaa koti.

"Kumbe nilizaa mtoto nikampa jina la hawara. Kaa naye wewe. Akizinduka, mwambie Ingvild wake amekuja."