Mfuko wa Makombe Ndani ya Maboya

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kuingia bila kibali na kuchukua makombe ya konokono wa baharini katika eneo la bahari lililofungwa
Shahidi: Mume wa mtuhumiwa, mtaani anaitwa Fundi Sindano
Umri: Miaka 66
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Chumba cha juu, nyuma ya duka la vipuri, barabara ya gatini

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu, ingawa mke wangu anaweza kuwaambia vingine. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa mbili asubuhi, nilikuwa kwenye cherehani nikipunguza suruali ya mteja. Mke wangu aliaga kwamba anakwenda kwenye kamati ya ufukwe, ambako yeye ni katibu. Alibeba mfuko wa turubai niliomshonea mimi. Nikamuuliza, "Kikao gani hiki cha kwenda na ndala?" Akasema, "Shona, mzee, usinichunguze." Nikashona.

Kabla ya adhuhuri, jirani yetu muuza vipuri alipanda ngazi mbio akisema mke wangu amekamatwa ndani ya maboya na mfuko wa makombe. Nilimwambia amemfananisha. Maboya yale ya manjano ndiyo mpaka wa miamba iliyofungwa ili samaki wazaliane, na aliyehangaika kuliko wote hadi yakawekwa ni mke wangu. Alipita nyumba kwa nyumba mpaka soli za viatu zikaisha. Hata mimi mumewe aliwahi kunikemea kwa kuogelea karibu nayo.

Nilifika hapa kituoni nikiwa bado na suruali ya mteja begani. Nilimkuta kwenye benchi mbele ya kaunta, gauni limelowa hadi magotini. Hakuniangalia. Afande aliniambia kwamba ameulizwa mara nyingi na jibu lake ni moja tu: "Sisemi." Hapo ndipo nilipoogopa. Mdomo wa mke wangu hauna breki, yeye na kimya hawajawahi kulala nyumba moja. Afande akanieleza kuwa asipojitetea, faili litakwenda mahakamani, na kamati haiwezi kubaki na katibu mwenye kesi ya makombe. Kazi ile ndiyo pumzi yake, afande. Mkimnyang'anya hiyo mtanirudishia mgonjwa.

Askari wa hifadhi, ambaye ni mgeni hapa, alisema alimwona ameinama majini, mkono mmoja ndani ya mfuko wa turubai na mwingine kwenye mwamba. Sina shaka naye. Aliona alichokiona.

Kisha afande akamwaga makombe mezani na kuniuliza kama nayafahamu.

Nayafahamu. Lile kubwa lina rangi ya kijani ubavuni kwa sababu tulipopaka chumba sikuliondoa dirishani. Lile lenye nta ndani tuliwashia mshumaa umeme ukikatika. Lile lenye vifungo viwili vya shati kama macho, binti yetu alivibandika akiwa mdogo, akasema ni babu. Mtu hawezi kuokota baharini kombe lenye vifungo vyangu. Yote hayo nilimpa mimi mke wangu tangu tukiwa wachumba, enzi hizo hakuna boya wala katazo. Kila nikienda ufukweni nilimletea moja. Sikuwa na maneno mazuri, nikawa naleta makombe.

Naomba iandikwe kwamba mwezi uliopita kamati ilifanya mkutano, na mimi nilikuwepo. Mke wangu aliwaeleza watu wasichukue hata kombe tupu, maana kuna kaa wadogo wasio na gamba lao, hao huhamia humo, wakikosa huliwa. Mama mmoja anayeuza mapambo alisimama akasema, "Na yale yaliyojaa dirishani kwako, Katibu, kaa wake wamepanga wapi?" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya hapo niliona dirisha linapungua. Nilidhani anawagawia wajukuu. Roho iliniuma kidogo, lakini nikaendelea kushona.

Nilimfuata pale kwenye benchi nikamuuliza, "Kwa nini hukuwaambia kuwa ulikuwa unayarudisha?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Wangekuita. Ungesikia mbele za watu kwamba natupa zawadi zako."

"Kwa hiyo bora ufungwe?"

"Bora nifungwe kuliko wewe uumie, baba."

Afande, nililia. Iandikwe tu, hakuna ubaya.

Ni kweli aliingia bila kibali, hilo simtetei. Lakini kuchukua hakuchukua. Naomba makombe haya yasirudishwe nyumbani. Yarudi baharini, na nikiruhusiwa nitambebea mfuko.

Kuna moja sikuliona mezani, dogo, lenye madoa ya kahawia. Ndilo la kwanza. Alikuja kuchukua gauni alilonipa nimshonee, nikalitumbukiza kombe hilo mfukoni mwa gauni. Nadhani ameshalirudisha. Sitamuuliza.

Niliyoyaona na ninayoyajua ni haya. Nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, nayo ni sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Shahidi alisomewa na kuthibitisha. Mhifadhi mkuu amekagua vielelezo na hana dai la uchukuaji. Mtuhumiwa ameonywa kwa kuingia bila kibali na kuachiwa. Makombe yatarudishwa chini ya usimamizi wa hifadhi, mume na mke wakiwepo. Wakati wa kumkabidhi mtuhumiwa vitu vilivyotolewa mwilini mwake alipopekuliwa, palikuwa na funguo, leso, na kombe dogo lenye madoa ya kahawia, lililokutwa mfukoni mwa gauni lake. Nilimuuliza kama nalo linarudi baharini. Alijibu: "Hilo nililikuta mfukoni, na litakaa mfukoni."

(Sahihi ya afisa)