Makosa ya Saa Nane Mchana

Mdogo wangu mpendwa,

Nafasi yangu katika kikosi chetu cha mchezo wa kompyuta niliipoteza Jumamosi iliyopita, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mchezo wa nne ulipojifunga ghafla, tena tukiongoza. Nimelitanguliza hilo kwa sababu haliwezi kungoja salamu. Salamu nazo ni hizi: hujambo wewe, na wifi yangu je, kifua kimepona? Mama ni mzima, anauliza kama unakula. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza hesabu. Mbele ya wenzako ulisema vidole vyangu vimezoea cherehani, kwamba nilibonyeza kusikotakiwa nikaufunga mchezo mwenyewe, na kwamba fainali kiti changu atakikalia yule mchezaji wa akiba, muuza viatu. Mmoja akauliza kama nilikuwa natafuta tundu la kifungo. Mkacheka. Vidole hivi vimenijengea duka bila msaada wa mtu. Sikukubali vihukumiwe bila ushahidi.

Nikaanza na kompyuta yenyewe. Ulipokuja mwezi jana, vile vijiti viwili vya memori vilivyoandikwa kasi 3200 ulivikimbiza hadi 3600, ukavipima dakika kumi, ukaapa viko imara. Faida siikatai: nimehesabu mwenyewe, mchezo ulikuwa ukitoa picha 141 kwa sekunde, sasa unatoa 152. Ila cherehani ikikimbizwa huruka mshono, nikataka kujua kama memori nayo huruka.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua duka, niliwasha programu ya kupima memori. Kwa muda wa saa mbili, kosa sifuri. Nikasema basi, kumbe kweli ni vidole. Saa nane mchana, mteja akiwa anajaribu suruali, nikapima tena: makosa kumi na moja kwa dakika arobaini. Vijiti vilevile, kasi ileile! Hasira ikanitoka, hamu ya kujua ikaingia.

Nikalishuku jua. Jumanne nikafunga pazia: makosa kumi na matatu. Nikavipima vijiti kimoja kimoja: vyote vinapita asubuhi, vyote vinakosea mchana. Mteja wa suruali akaniuliza kama kompyuta nayo husinzia ikishashiba. Jumatano waya wa pasi ukakatika, nikaipeleka pasi kwa fundi umeme. Mchana ule, sifuri. Alhamisi pasi ikarudi mezani, na makosa tisa yakarudi nayo. Ndipo nikainama, nikaweka mkono mbele ya kompyuta. Feni ilikuwa ikivuta joto lote la pasi, ambayo huiwasha mchana tu, moja kwa moja hadi kwenye memori. Jana nimeihamishia kompyuta ukuta wa pili, hatua sita. Pasi imewaka mchana kutwa, kasi 3600, na kosa ni sifuri.

Sasa lile ambalo kwenye simu nisingeweza kulisema. Jumamosi, kabla hatujaanza, uliniuliza kama nimefunga kazi, nikakuapia nimefunga. Mlango nilifunga. Pasi sikuzima. Nilikuwa na mashati kumi na mawili ya walinzi ya kukabidhi jioni ileile, na kila mlipopumzika kati ya mchezo na mchezo, mimi nilinyoosha mawili. Mchezo wa nne ulipoanza nilikuwa nimekunja la sita, na pasi inawaka ubavuni mwa kompyuta. Sikujua joto lile linakwenda wapi, lakini nilijua nimekudanganya. Naomba radhi, wewe na wenzako wote.

Kwa hiyo tugawane kwa haki: uongo ni wangu, dakika kumi za kupima ni zako, vidole havina kesi. Siku ya fainali pasi itakuwa kwa Mama, chini ya ulinzi.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na wenzako pia, hata yule wa tundu la kifungo. Orodha ya majina inafungwa Jumatano jioni. Nipigie siku hiyo kabla ya saa sita mchana. Usinizungushe, usiniambie tutaona, usinieleze habari za muuza viatu. Neno moja tu: nimo au simo?

Ni mimi dada yako,
Sindano